GPS ya simu bila bando wala mtandao: mwongozo kamili kwa watu wa Mtwara na Lindi

Ukitoka Mtwara mjini ukaanza kuingia ndani ndani, ukishaiacha lami tu, ramani ya kwenye simu inaanza kuwa nyeupe, kale kadoti ka bluu kanaelea hakuna barabara hakuna kijiji, na hapo ndo wengi wanaizima wanasema GPS imegoma kwa sababu mtandao hakuna. Haijagoma. Kaangalie vizuri hako kadoti, kanatembea. Simu inajua kabisa ulipo, kilichokosekana ni ramani ya kukuonyesha hapo panaitwaje na njia inaelekea wapi, na ramani ni faili tu, unaishusha mapema ukiwa kwenye WiFi au na bando la usiku afu inakaa kwenye simu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla hujatoka nyumbani, huko njiani unatumia tu ulichojiandalia.

Satelaiti inafanya nini hasa

Nitapita haraka ila usiruke, maana ukielewa hapa nusu ya matatizo utayatatua mwenyewe. GPS ni mfumo wa Marekani wa kujua mahali ulipo, una satelaiti kama 30 zinazozunguka dunia kwenye urefu wa kilomita 20,200 hivi, na simu nyingi za siku hizi zinapokea pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Satelaiti inatangaza, simu inapokea kama redio inavyopokea, hairudishi chochote juu. Ndo maana hailipiwi, haili bando, haihitaji laini, hata ukichomoa laini zote mbili bado inafanya kazi. Na yale maneno ya kwamba satelaiti inakuona unakoenda siyo kweli, satelaiti haijui hata kama upo. Programu iliyo ndani ya simu ndo inaweza kuandika ulikopita na kutuma ukirudi kwenye mtandao, hilo unalizima kwenye setingi.

Simu inahitaji kusikia satelaiti nne angalau, tatu za kujua mahali na ya nne kwa sababu saa ya simu siyo sahihi kiasi cha kutosha kwa hesabu hizo. Ukiwa pa wazi kosa ni kama mita 5 hivi. Chini ya mikorosho iliyofungamana kosa linapanda, na ndani ya nyumba ya bati mara nyingi hupati kitu, usikae sebuleni ukalalamika.

Sasa mtandao ulikuwa unasaidia nini? Kuharakisha. Satelaiti inatuma taarifa zake taratibu sana, biti 50 kwa sekunde, kwa hiyo ili simu ijue satelaiti moja iko wapi inabidi iisikilize kama nusu dakika bila kukatizwa, na kupata orodha nzima ya satelaiti zote ni dakika 12 na nusu. Ukiwa na data, simu inavuta taarifa hizo kwenye intaneti kwa sekunde chache. Bila data inasubiri hewani. Hapo ndo mtu anakosa uvumilivu, anafungua programu, anaona inazunguka, anafunga, anafungua tena, wakati alitakiwa asimame pa wazi atulie, simu iangalie juu. Ukiwa umezima simu siku kadhaa, au umetoka nayo mbali, mfano umepanda ndege Dar umeshuka Mtwara, mara ya kwanza itachelewa zaidi, usishtuke.

Hatua ya 1: hakikisha simu yako inaweza

Kitochi hakina. Simu janja karibu zote zinayo, hata zile za bei nafuu kabisa, ila zinatofautiana ubora. Kwenye Android shusha programu inaitwa GPSTest, ya bure, toka nje, ifungue. Itakuonyesha satelaiti moja moja na nguvu ya ishara yake. Ukiona zaidi ya kumi hapo uko vizuri sana. Ukisimama uwanjani robo saa na hakuna hata moja, kabla hujamlaumu fundi angalia kwanza kama lokesheni imewashwa, na kama programu imepewa ruhusa ya lokesheni kamili, maana Android na iPhone zote siku hizi zina ruhusa mbili, ile kamili na ile ya kukadiria, na ukichagua ya kukadiria utajikuta uko kijiji cha jirani.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawasemi, simu nyingi za bei ya chini hazina dira ndani. Zina GPS lakini hazina dira. Matokeo yake ukiwa umesimama ule mshale unaelekea popote unapojisikia, mpaka utembee hatua kadhaa ndo simu inajua unaelekea wapi. Kwa hiyo kwenye njia panda usigeuke geuke na simu mkononi kama unatafuta kibla, chagua upande mmoja, tembea kidogo, angalia kadoti kanaenda wapi.

Hatua ya 2: shusha ramani ungali mjini

Kuna programu tatu za ramani za kuzingatia, na mimi nina upendeleo wangu, nitausema.

Google Maps wengi mnayo tayari. Gusa picha yako ya akaunti pale juu kulia, ingia palipoandikwa Offline maps (simu ikiwa kwenye Kiswahili utaona maneno ya ramani za nje ya mtandao), chagua ramani yako mwenyewe, litakuja boksi, livute lifunike eneo unalotaka, shusha. Ubaya wake: bila mtandao inakupa njia ya gari tu, ya mguu haikupi, foleni haionyeshi, njia mbadala haikupi, na ramani uliyoshusha ina tarehe ya kuisha, usipoiingiza kwenye mtandao kuihuisha inafutika. Uzuri wake ni majina ya biashara, magesti na vituo vya mafuta mjini.

Organic Maps ndo ninayoipendekeza kwa matumizi ya huku kwetu. Ni bure, haina matangazo, haihitaji akaunti, na ramani zake zinatoka OpenStreetMap, ule mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao watu wa kawaida ndo wanachora ramani ya dunia. Vinjia vya miguu na vijiji vidogo mara nyingi unavikuta humu kuliko kule kwingine, siyo kila mahali, ila mara nyingi. Ukiifungua, sogeza ramani mpaka Mtwara au Lindi, kuza, yenyewe itakuuliza kama ushushe ramani ya eneo hilo na itakuonyesha saizi. Kama unaenda ukanda wa mto Ruvuma shusha na ya Msumbiji upande wa kaskazini, la sivyo ng'ambo ya mto panakuwa patupu na unashindwa kujua uko karibu na mpaka kiasi gani.

OsmAnd ni ya wale wanaopenda vitu vingi. Inarekodi njia, inaonyesha vilima, unaipanga utakavyo, ila menyu zake zinachosha, na toleo la bure lina kikomo cha idadi ya ramani unazoshusha. Kama kazi yako ni kupima mashamba au kuzunguka vijijini kila wiki, jifunze hiyo. Kama ni safari ya mara moja moja achana nayo.

Na usisahau sauti. Ile sauti ya kukuambia kata kulia inasomwa na programu ya simu ya kusoma maandishi, nayo inatakiwa iwe na faili la lugha lililoshushwa tayari. Nenda kwenye setingi za lugha, tafuta sehemu ya kubadili maandishi kuwa sauti, shusha lugha unayoitaka hapo hapo kwenye WiFi. Bodaboda hasa, wewe huwezi kuangalia skrini huku unakwepa mashimo.

Hatua ya 3: jaribu hapo hapo mtaani

Hii watu wanairuka. Washa hali ya ndege, ile ya airplane, hakikisha WiFi imezimika, lokesheni iache imewashwa. Toka nje, fungua ramani, subiri kadoti. Afu tafuta sehemu unayoijua, mfano uko Mikindani unatafuta soko la Mtwara, iambie ikuchoree njia. Ikichora, umemaliza. Ikikuambia hakuna mtandao ujue kuna kitu hujashusha, na bora ujue ukiwa Mikindani kuliko ujue ukiwa katikati ya Liwale.

Kabla ya kuondoka kwenye mtandao fungua ramani mara moja data ikiwa imewashwa, kadoti katulie, hapo simu inavuta zile taarifa za satelaiti, na kwa saa chache zinazofuata itashika haraka hata bila mtandao.

Hatua ya 4: weka alama zako mwenyewe

Hapa ndo penye faida yote, na ndo napenda nikae kidogo. Ramani yoyote utakayoshusha, vijiji vyetu vingi vina jina na mstari mmoja wa barabara basi. Ghala la chama cha msingi halipo, kisima hakipo, ile njia ya kuchepukia kwenye mashamba haipo. Kwa hiyo unajijazia. Ukifika mahali pa maana bonyeza na kushikilia kwenye ramani pale ulipo, itatokea sehemu ya kuhifadhi, ipe jina linaloeleweka. Usiandike "hapa" au "kwa mzee", baada ya mwezi utakuwa na wazee kumi. Andika "ghala la korosho, mwembe mkubwa, kata kushoto". Msimu wa korosho ukianza na wewe ni wa kuzunguka kukusanya mzigo, alama za namna hii zitakuokolea mafuta na maneno.

Kila alama ina koodineti, namba mbili. Ya kwanza ni ya kaskazini na kusini, ya pili ya mashariki na magharibi. Mtwara mjini ni kama -10.27, 40.18. Kile kialama cha kutoa mwanzoni kinamaanisha kusini mwa ikweta na usikisahau, ukiandika 10.27, 40.18 bila kutoa simu itakupeleka Ethiopia. Ukibadilisha nafasi ukaanza na 40.18 ukamalizia na -10.27 unaangukia baharini, Atlantiki, upande wa Ureno huko. Simu haikwambii umekosea, inakuchorea tu au inasema njia haipo.

Desimali nazo zina maana. Nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo desimali moja inaacha nafasi ya kilomita 11, mbili kilomita moja hivi, tatu mita mia na kitu, tano ni mita moja. Mtu akikutumia -10.3, 39.8 akasema njoo, mwambie rafiki yangu hiyo ni tarafa nzima, nitumie zenye desimali tano.

Wakati mwingine utapewa kwa mtindo wa nyuzi, dakika na sekunde, mfano 10°16'12" Kusini. Kuibadilisha: gawa dakika kwa 60, sekunde kwa 3600, jumlisha na nyuzi, weka kutoa kama ni kusini. 16 kwa 60 ni 0.2667, 12 kwa 3600 ni 0.0033, jumla 10.27, kwa hiyo -10.27. Basi, hakuna kingine.

Na kutuma koodineti hauhitaji WhatsApp. Zinakaa kwenye SMS ya kawaida, na SMS inapita hata pale penye kimtandao kimoja cha kusuasua ambapo data haifunguki kabisa. Mkipata pancha au mgonjwa kazidiwa njiani, kopi namba hizo mtumie ndugu au dereva aliyeko mjini, anaziweka kwenye sehemu ya kutafutia kwenye ramani yake anaona pale pale mlipo. Ukipiga 112, namba ya dharura, pia kumsomea mtu namba hizo ni rahisi kuliko kumwelekeza mti.

Hatua ya 5: njiani

Weka unakoenda, angalia njia yote kabla ya kuanza, siyo zile mita mia za mwanzo tu. Chukua Mtwara kwenda Masasi. Kuna njia ya kupitia Mingoyo ukakata pale njia panda ya Mnazi Mmoja ukashika ya Mtama na Ndanda, na kuna ya kupanda uwanda wa Wamakonde kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala. Zote zinafika. Simu inachagua kwa hesabu zake, haijui wewe una gari gani wala mvua imenyesha wapi. Ukitaka upite Newala kwenye Organic Maps ongeza Newala kama kituo cha katikati, itatii.

Majina yanachanganya sana. Ukitafuta Mnazi Mmoja utaletewa na ya Dar es Salaam na ya Zanzibar, angalia umbali uliopo pembeni ya jina. Nanguruwe iko Mtwara njia ya kwenda Newala, Nangurukuru iko Kilwa pale unapochepukia kwenda Kilwa Masoko, herufi chache tu tofauti ila ukikosea umeongeza mamia ya kilomita. Na vijiji vingine jina la kwenye ramani siyo wanaloliita wenyeji, kwa hiyo ukipata nafasi muulize mama anayeuza maandazi pale stendi kabla ya kuamini skrini.

Ramani iliyo kwenye simu ni ya siku uliyoishusha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake, barabara ya Dar kuja Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama, lakini simu isiyo na mtandao siku ile ingekuchorea njia moja kwa moja kana kwamba hakuna kilichotokea. Vivyo hivyo haijui kama kivuko cha Kilambo leo kinavusha, haijui mto umejaa. Masika ulizia kwa madereva wa mabasi, ndo wana habari mpya.

Kuna sehemu njia inaisha na wewe hujafika. Mfano kilima cha Tendaguru kule Lindi, ambako Wajerumani kati ya 1909 na 1913 walichimba mifupa ya dinosaria ambayo mpaka leo iko Berlin. Unaweza kuwa na koodineti za kilima lakini simu inakufikisha mwisho wa barabara inayoijua. Kutoka hapo inabaki umbali na uelekeo, mstari mnyoofu, unatembea huku unaangalia kama umbali unapungua. Kabla ya kuiacha barabara weka alama mahali ulipoacha pikipiki, na washa kurekodi njia, ili kurudi ufuate mstari wako mwenyewe. Na nenda na mwenyeji, mstari mnyoofu haujui korongo wala tembo.

Ukikaribia Ruvuma simu inaweza kushika mtandao wa Msumbiji. Mambo mawili hapo: makato ya kuzurura kwenye mtandao wa nje, na saa. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, simu inajirudisha yenyewe, mtu anachelewa gari huku anaona bado ana muda. Hali ya ndege inamaliza yote mawili na GPS inaendelea.

Betri

Adui wa betri siyo GPS sana, ni skrini na ile simu kutafuta minara isiyokuwepo. Penye mtandao wa kuja na kukata simu inahangaika na kupata moto. Kwa hiyo hali ya ndege tena, mwanga wa skrini punguza, funga skrini ukiwa kwenye njia iliyonyooka, sauti itakuambia. Kama unarekodi njia, usiwashe kile kitufe cha kuokoa betri, maana kwenye simu nyingi kinazima lokesheni skrini ikifungwa, unafika unakuta mstari umekatika katika. Ingia setingi za betri, ruhusu hiyo programu moja ifanye kazi bila kizuizi. Pawabanki beba, na waya wake uwe mzima, waya ndo unaangusha watu.

Kwa wa baharini

Baharini satelaiti zinashika vizuri kuliko popote maana mbingu iko wazi. Kutia alama sehemu zenye samaki, kurekodi njia ya kutokea na ya kurudia, simu inafanya. Lakini ramani hizi ni za nchi kavu, hazina vina vya maji, miamba mingi haimo, kwa hiyo Msimbati au Kilwa usiingie usiku kwa kuamini rangi ya bluu kwamba ni maji marefu. Weka alama mlango wa kuingilia mchana, maji yakiwa yametoka na mwamba unauona kwa macho, afu hiyo alama ndo uifuate. Simu iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, skrini ikilowa haisikii kidole, na dira ya kawaida ibaki chomboni.

Ukirudi mjini

Huisha ramani ukipata WiFi, na zile alama zako zitoe nje ya simu. Kwenye Organic Maps orodha ya alama inatoka kama faili dogo, la KMZ au GPX, unalirusha kwa Bluetooth kwa mwenzako nae anafungua kwake anaona alama zote, au unajitumia kwenye barua pepe. Mkiwa madereva wawili watatu mnaofanya njia zile zile tengenezeni faili moja la pamoja, kila mmoja anaongeza za upande wake, wa Nachingwea za Nachingwea, wa Ruangwa za Ruangwa. Na kijiji au kisima ambacho hakipo kwenye ramani ya OpenStreetMap unaweza kukiongeza humo humo kwenye programu ukifungua akaunti ya bure, ukishika mtandao kinapanda, na kwenye toleo la ramani litakalofuata kinatokea kwa kila mtu anayeishusha.